Mwana wa Vienna na Chembe Iliyofungiwa

Msomaji apitaye barabara ya Mbagathi jijini Nairobi na kuyatazama majumba ya Nyayo Highrise huona jambo lililo wazi mno hata halimshughulishi. Mpangaji huishi ghorofa ya pili, au huishi ya tatu. Hakuna alipaye kodi ya kuishi baina ya hizo mbili. Na katika Kibera, jirani wa majumba hayo, familia nzima huweza kukaa katika chumba cha futi 10 kwa futi 10, ambamo kitanda, jiko na meza ya mtoto ya kusomea vimepangwa kwa amri ya kuta nne. Kuta ndizo huamua linalowezekana na lisilowezekana.

Mambo haya mawili, yaani ghorofa zisizo na katikati na kuta zenye amri, ndiyo moyo wa fizikia ya vitu vidogo kupindukia, ile ambayo wataalamu huiita mekanika ya kwanta. Aliyeonyesha kwa hesabu kwamba la kwanza ni mtoto wa la pili ni Erwin Schrödinger, mzaliwa wa Vienna aliyefariki mwaka 1961.

Mimi si mwanafizikia; kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, wanafunzi wa sayansi huletwa kwetu kwa masomo ya stadi za mawasiliano, na kila nikiwauliza Schrödinger alikuwa nani, hunijibu kwamba ni yule mtu wa paka. Kwa wasiokijua kisa chenyewe, mwaka 1935 mtaalamu huyo alibuni mfano wa paka aliyefungiwa sandukuni pamoja na sumu, ambaye nadharia, ikichukuliwa kama wenzake walivyokuwa wakiifasiri, ingemfanya awe hai na mfu kwa wakati mmoja. Alibuni mfano huo kwa kejeli, ili kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ilikuwa na kasoro. Kejeli imegeuzwa imani. Mwanafunzi hutoka chuoni akidhani kwamba mekanika ya kwanta ni uganga, kwamba aliyeibuni alikuwa mtu wa ajabu asiye na kasoro, na kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuieleza. Yote matatu si kweli, na maisha ya mtu mwenyewe yanatosha kuyakanusha.

Erwin Schrödinger alizaliwa tarehe 12 Agosti 1887, mtoto wa pekee wa Rudolf, mwenye kiwanda cha vitambaa vya kutandika mezani na sakafuni ambaye mapenzi yake hasa yalikuwa katika elimu ya mimea. Bibi yake mzaa mama alikuwa na asili ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo mtoto alikua akisema Kijerumani na Kiingereza pamoja, na hadi kufikia umri wa miaka kumi hivi alifundishwa nyumbani. Wazazi wetu wanaodai kwamba mtoto akipewa lugha mbili atachanganyikiwa na kushindwa sayansi wangefaa kumtafakari mtoto huyu.

Aliingia Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1906, majuma machache tu baada ya Ludwig Boltzmann, mwanafizikia mkuu wa chuo hicho, kujiua. Alifunzwa na Friedrich Hasenöhrl, mrithi wa Boltzmann, na akapata udaktari mwaka 1910. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta na kumfanya ofisa wa mizinga. Mwalimu wake Hasenöhrl aliuawa katika vita hivyo. Baada ya vita nchi yake ilikuwa fukara. Alioa mwaka 1920, akahangaika kutoka Jena hadi Stuttgart hadi Breslau akitafuta cheo cha kumlisha yeye na mkewe, Annemarie, na mwaka 1921 akapata uprofesa huko Zürich, Uswisi. Mwaka uliofuata aliugua kifua kikuu, akapelekwa kupumzika Arosa, kijiji cha milimani ambako hewa ilisemekana kuwafaa wagonjwa wa mapafu. Ugonjwa huo haukumwacha kabisa maishani mwake.

Tusimame hapa kidogo, maana sasa tunafika kwenye kiini.

Tangu mwaka 1900, Max Planck alipoonyesha kwamba nishati ya mwanga hutolewa kwa vifungu badala ya kumiminika kama maji, wanafizikia walikuwa na kitendawili kisichoteguliwa. Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alisema kwamba elektroni ndani ya atomu huruhusiwa ngazi fulani tu za nishati, nazo huhesabiwa kwa namba kamili: moja, mbili, tatu. Hesabu yake ilikubaliana na majaribio ya haidrojeni. Lakini kwa nini namba kamili? Bohr hakuwa na jibu ila kwamba ndivyo ilivyo. Ilikuwa amri bila sababu, kama vile msimamizi wa majumba atangaze kwamba ni marufuku kusimama kwenye ngazi, wala asieleze ngazi zilikwenda wapi.

Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie aliandika katika tasnifu yake ya udaktari kwamba kila chembe huandamana na wimbi. Schrödinger aliisoma kazi hiyo, akaieleza mbele ya wenzake wa Zürich. Inasimuliwa kwamba Peter Debye, profesa Mholanzi aliyekuwapo, alimkosoa hadharani: mtu akisema kuna wimbi, sharti aonyeshe mlinganyo unaoliongoza wimbi hilo. Waama, hilo ni swali ambalo mwalimu yeyote wa shule ya upili angeweza kumwuliza mwanafunzi wake. Siku za Krismasi mwaka 1925 Schrödinger alirejea Arosa, safari hii bila ugonjwa mkali, akiwa na karatasi zake. Alikuwa na umri wa miaka 38, umri ambao wanafizikia wengi wa nadharia wa zama hizo waliuona kuwa ni wa uzee. Werner Heisenberg, aliyekuwa amevumbua njia nyingine ya kwanta miezi michache kabla, alikuwa na miaka 23 alipoivumbua.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Aliandika mlinganyo uliozingatia nadharia ya Einstein ya uhusianifu, akaujaribu kwa atomu ya haidrojeni, na majibu hayakulingana na yaliyopimwa maabarani. Akauweka kando, akachukua njia nyepesi isiyozingatia nadharia hiyo, na hapo majibu yakakaa sawa. Hisabati ilipomlemea alisaidiwa na Hermann Weyl, mwanahisabati wa papo hapo Zürich, naye akamshukuru katika makala ya kwanza iliyoufikia uhariri wa jarida mnamo Januari 1926. Zilifuata nyingine tatu za mfululizo huo kabla ya nusu ya mwaka kwisha. Mwanafunzi aone hapa jinsi kazi ilivyofanyika: swali la mwenzake, jaribio lililoanguka, jirani mwenye hisabati bora, na ukaidi wa miezi sita. Hakuna ufunuo uliomshukia mtu.

Kwani mlinganyo wenyewe ulisema nini? Nitauacha ule wa atomu, niuchukue mfano mwepesi kuliko yote, ambao ndio walimu huanza nao: chembe moja iliyofungiwa baina ya kuta mbili. Chukua uzi wa gitaa. Umefungwa ncha zote mbili, kwa hiyo ncha haziwezi kutikisika. Ukiupiga, hutikisika kwa tumbo moja katikati, au kwa matumbo mawili yenye fundo moja baina yao, au kwa matumbo matatu yenye mafundo mawili. Matumbo mawili na nusu hayawezekani, kwa sababu nusu hiyo ingeilazimu ncha moja itikisike, na ncha imefungwa. Hakuna aliyeuamuru uzi uhesabu kwa namba kamili. Ni kule kufungwa kwake tu.

Sasa lichukue wimbi la elektroni, uliweke baina ya kuta mbili ambazo haliwezi kuzipita. Nalo lazima liwe sifuri kwenye kila ukuta. Nalo litakuwa na tumbo moja, au mawili, au matatu. Na kwa kuwa wimbi fupi lina nishati kubwa, kila idadi ya matumbo huwa na nishati yake maalumu. Hizo ndizo ghorofa. Schrödinger alionyesha kwamba namba za Bohr hazihitaji amri. Hutokea zenyewe kama mafundo yatokeavyo katika uzi. Chembe iliyo huru, isiyo na ukuta popote, inaweza kuwa na nishati yoyote. Ifungie, na ghorofa hujitokeza.

Lakini mfano wa Nyayo Highrise una mpaka wake, na mwalimu mwaminifu auseme. Ghorofa za wajenzi wetu zina kimo kimoja. Za chembe iliyofungiwa huzidi kuachana kadiri unavyopanda: nishati ya ya kwanza ikiwa 1, ya pili ni 4, ya tatu ni 9, ya nne ni 16. Tena haipo ghorofa ya chini kabisa yenye nishati sifuri. Chembe iliyofungiwa haitulii kamwe, maana hata tumbo moja ni mtikisiko.

Na upana wa chumba? Hapa ndipo penye siri. Upana ukizidishwa mara mbili, nishati hupungua kuwa robo. Elektroni katika chumba cha upana wa nanometa 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ina nishati ya chini ya elektronivolti 0.38 hivi, na ghorofa ya pili iko kwenye 1.5. Tofauti hiyo ni kubwa ya kutosha kuonekana kwa vyombo. Iweke elektroni hiyo hiyo katika chumba cha Kibera cha mita 3, na nishati ile inagawanywa kwa 9 ikifuatwa na sifuri 18. Ghorofa zinakaribiana mno hata hakuna chombo cha kuzitenganisha, na sisi tunaoishi vyumbani tunaiona dunia kama mteremko laini. Hesabu hii haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Wanafunzi wa shule zetu, ambao tayari hufundishwa mawimbi na vifungu vya nishati ya mwanga, wanaweza kuifanya ubaoni kwa kipindi kimoja.

Kuta nazo si za namna moja. Kuta nilizozisema hazipenyeki; kuta za kweli zina kimo chenye kikomo, na mlinganyo unasema kwamba wimbi huingia ndani ya ukuta kidogo na kufifia. Ukuta ukiwa mwembamba, sehemu ya wimbi hutokea upande wa pili, na chembe huweza kukutwa huko ingawa haikuwa na nishati ya kuuruka ukuta. Aliyeishi nyuma ya mabati ataukumbuka muziki wa jirani, ijapokuwa sauti hupita kwa kuyatikisa mabati na elektroni haitikisi chochote. Kumbukumbu za simu na vijiti vya kuhifadhia data huandikwa na kufutwa kwa kupenyeza elektroni namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 1926 Schrödinger alithibitisha kwamba njia yake na ya Heisenberg, zilizoonekana kama maji na mafuta, hutoa majibu yale yale. Naye Max Born akasema kwamba wimbi lile linaeleza uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Schrödinger hakuipenda tafsiri hiyo hadi kufa kwake. Hilo nalo lisemwe darasani: mvumbuzi wa mlinganyo alibishana na karibu wote walioutumia.

Mwaka 1927 alikwenda Berlin kukikalia kiti cha Planck. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 aliondoka kwa kuwachukia, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Myahudi na hakuna aliyekuwa amemfukuza. Alielekea Oxford, na mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Dirac. Kufikia hapo ni mtu wa kusifiwa. Lakini mwaka 1936 alirejea Austria, kufundisha Graz, na Hitler alipoimeza nchi hiyo Machi 1938, Schrödinger alichapisha gazetini barua ya kujikana, akiukiri utawala mpya. Haikumfaa kitu. Miezi michache baadaye alifutwa kazi, akatorokea Italia na mkewe wakiwa na mizigo michache. Baadaye alimwandikia Einstein akijutia barua ile. Sisi tuliowahi kuona wasomi wakitunga nyimbo za kuwasifu watawala ili wasipoteze vyeo hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Aliyemwokoa ni Éamon de Valera, kiongozi wa serikali ya Ireland, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hisabati na ambaye aliasisi taasisi ya utafiti mjini Dublin mwaka 1940 akimlenga mtu huyu. Schrödinger aliishi huko miaka 17, akapata uraia mwaka 1948. Mihadhara aliyoitoa mwaka 1943 kuhusu uhai ni nini, iliyokuwa kitabu mwaka 1944, iliwavuta vijana wengi kwenye utafiti wa chembe za urithi, wakiwamo James Watson na Francis Crick. Aliitoa kwa Kiingereza, lugha ya bibi yake, ilhali milinganyo yake aliiandika kwa Kijerumani. Alirudi Vienna mwaka 1956, na tarehe 4 Januari 1961 kifua kikuu kikamkamilisha. Alizikwa Alpbach, kijiji cha Tyrol, na juu ya jina lake kaburini pameandikwa mlinganyo. Mwaka 1983 Austria iliiweka sura yake kwenye noti ya shilingi 1,000.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walimu hasa nawaomba wasiliruke hili. Mwaka ule wa 1926 wa makala zake kuu, Schrödinger aliombwa kumfundisha hesabu msichana wa miaka 14. Walter Moore, aliyeandika wasifu wake mwaka 1989, ameonyesha kwamba mwalimu huyo alimwandama mwanafunzi wake, hatimaye akamfanya mpenzi akiwa bado kijana mdogo, kisha akamwacha. Shajara zake zinaonyesha kwamba haukuwa mkasa wa pekee. Kwa zaidi ya miaka thelathini wasomaji waliyapita maelezo hayo kama vituko vya mtu mwenye akili nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2021 gazeti la The Irish Times liliyaeleza kwa jina lake halisi, yaani unyanyasaji wa watoto, na mwaka 2022 idara ya fizikia ya Chuo cha Trinity mjini Dublin ililiondoa jina lake kwenye ukumbi wake wa mihadhara.

Wako watakaosema kwamba hayo hayahusiani na fizikia. Ni kweli kwamba mlinganyo haubadiliki hata herufi moja. Lakini katika nchi yetu, ambako Tume ya Kuajiri Walimu huwafuta daftarini walimu kwa kosa lilo hilo, kumtaja mtu huyu kama mtakatifu mbele ya darasa lenye wasichana wa miaka 14 ni kuwaambia kwamba akili hulipa deni la heshima. Mimi ningelifundisha jambo hilo siku ile ile ninapofundisha uzi wa gitaa, bila kupunguza lolote katika mawili hayo.

Nao mlinganyo umeendelea na safari yake. Mapema katika miaka ya 1980 Alexei Ekimov, katika Muungano wa Kisovieti, aligundua kwamba rangi ya kioo chenye fuwele ndogo sana za kloridi ya shaba hutegemea ukubwa wa fuwele hizo. Louis Brus, nchini Marekani, aliona jambo hilo katika chembechembe zinazoelea ndani ya kimiminika. Mwaka 1993 Moungi Bawendi, mwana wa mwanahisabati kutoka Tunisia, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi nchini humo, alipata njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa sawasawa. Walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2023. Fuwele ya kadimiamu na seleniamu yenye kipenyo cha nanometa 2 hivi hutoa mwanga wa buluu. Ya nanometa 6 hivi, kitu kile kile, hutoa mwekundu. Kilichobadilika ni umbali baina ya kuta. Baadhi ya televisheni zinazouzwa madukani Nairobi hupata rangi zake kwa njia hiyo.

Imebaki kazi inayotuhusu sisi wa lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo mawimbi, nishati na atomu hatuna shida navyo. Kwanta tumelikopa, kama Wajerumani walivyolikopa kutoka Kilatini, na sioni haja ya kulibadilisha. Fundo na tumbo tunavyo tangu zamani. Bali hizo fuwele za rangi bado zinagombaniwa jina. Wapo wanaopendelea nukta za kwanta. Mimi napigia kura vitone vya kwanta, kwa kuwa nukta tayari ina kazi ya kufunga sentensi na, kwa wengine, ya kuhesabu sekunde.